Faini, Thenkyu

Skola mwanangu,

Barua zetu sisi watu wa zamani huanza kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Kwanza bado hujawa mbali, umelala chumba cha pili na nakusikia unavyogeukageuka kitandani. Pili, huo uzima wenyewe ndio ninaotaka kukueleza habari zake, na nikianza kwa kuutaja nitakuwa nimeshadanganya mstari wa kwanza.

Nitaiweka kwenye begi lako dogo, juu ya chupa ya maji, uikute ukitaka kunywa. Isome kabla basi halijafika Sanje. Tafadhali usiiache mpaka Mbeya. Wauza ndizi wakikufuata dirishani wala usiwajibu, soma kwanza. Ukifika Kidatu nataka uwe umeshajua ninachokuomba, kwa sababu najua umepanga kushuka pale.

Jioni nilijaribu kukuambia kwa mdomo. Tulikuwa jikoni, wewe unachambua mchele, mimi nimeshika mwiko, nikaita Skola, ukaitika, nikakuuliza kama chumvi imetosha. Ukasema imetosha. Ndiyo maana naandika, na mkono wangu unaujua, tangu darasa la saba haujaandika zaidi ya vipimo vya kiuno na bega, kwa hiyo univumilie.

Mambo ya kula, ya kufua na ya kuogopa wanaume sitakuandikia. Umekaa chuo miaka yote ile ukarudi umetulia, na wanaume ukitaka kuwaogopa utawaogopa, usipotaka karatasi yangu haitakuzuia. Sketi nyeusi nimeiachia pindo refu kwa ndani, ukinenepa mpe fundi alifumue. Basi, hayo yameisha. Ninachotaka kuandika ni juu ya neno moja tu la Kiingereza, lile ulilonifungulia kwenye kamusi.

Nadhani unaikumbuka siku hiyo. Ulikuja kibarazani na likamusi lako zito, ukaliweka juu ya meza ya cherehani, juu ya gauni la mteja, nikakufokea kuhusu gauni. Ukasema, mama acha gauni, njoo uone. Ukaanza kunisomea. Ukasema fine ni nzuri, ni safi, kama mtu anavyosema leo hali ya hewa ni nzuri. Fine pia ni mtu mzima, asiyeumwa. Ni kitu chembamba, mfano uzi wa kudarizi. Ni kitu laini, mfano unga uliochekechwa ukapita wote. Ni tundu dogo, kama tundu la wavu. Halafu ni sawa, na hiyo sawa nayo ukaniambia ina pande mbili, kuna sawa ya mtu aliyekubali na kuna sawa ya mtu aliyenuna anayetaka unyamaze umwache. Mwisho kabisa ukaweka kidole chini ya ukurasa: adhabu ya fedha. Faini. Ukasema Waingereza wanayo maneno mengine mengi, kwa kila moja ya hayo wana lake, wangependa wangeyatumia, ila wameona hili moja liwabebee mizigo yote.

Nikasema hawa watu wabahili jamani, nchi tajiri namna ile, neno moja wanalivaa harusini na msibani. Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka nyumbani kwetu tangu tupate habari za kaka yako Deo. Nikafurahi kukuona unacheka, nikakuacha uamini kwamba umenitibu. Ulisema, unaona mama, siyo kosa lako, ni neno lenyewe. Nikasema ndiyo, naona.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Baadhi unayajua, lakini unayajua kwa upande wako.

Baba yenu alipofariki Deo alikuwa darasa la tatu, wewe bado uko mgongoni. Mwaka ule ndipo alipoanza Kiingereza. Alikuwa akirudi shule ananisimamia mbele ya kibaraza, begi mgongoni, shati limetoka nje, ananiuliza, "Hau a yu, mama?" Nami nilipaswa kujibu, "Faini, thenkyu, endi yu?" Nisipojibu hali. Namwambia chakula kinapoa, anakaza macho, anasubiri. Hicho ndicho Kiingereza changu chote. Ndicho tulichoimba sisi darasani tumesimama wima mbele ya mwalimu, darasa zima tuko faini, hata mwenye homa, hata aliyetoka kuchapwa muda uleule. Bibi yenu wa Mahenge alikuwa akimsalimia mtu anamwuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mgonjwa aliyemwacha jana, mpaka ya kuku, na anangoja jibu la kila moja. Sisi tukafundishwa jibu moja linalofunga mlango.

Kwa Deo lakini lilikuwa jibu la mapenzi. Alikua nalo. Akaota ndevu, akaanza kunywa, akaanza kuvua, na bado akinipigia simu kutoka bondeni, kwenye kambi za wavuvi, anaanza, "Hau a yu, mama?" Wateja wangu wote walilijua. Yeye anauliza, mimi najibu. Hatukuwahi kubadilishana zamu.

Wavu niliushona mimi. Hilo unalijua, ila sijui kama umewahi kukaa ukalifikiria. Alileta vyandarua vingi ndani ya kiroba, sikuuliza kavitoa wapi. Nilifumua mishono ya pembeni, nikavitandaza uani, nikaviunganisha kwa uzi wa nailoni, mshono juu ya mshono, nikapita ukingoni kote mara ya pili ili kamba isichane. Nilijua vinakwenda mtoni. Nilijua vimekatazwa, kwa sababu tundu la chandarua halimwachi hata mtoto wa perege asiyefika ukubwa wa kucha. Nimekwambia nilijua. Nilikuwa najivunia ule mshono. Samaki wadogo walipoanza kuletwa nyumbani nilikukaangia, ukala, ukaenda shule.

Maafisa wa uvuvi walimkamata mara ya kwanza upande wa Malinyi. Akatozwa faini. Neno hilo, Skola, nililisikia wazi siku hiyo, wala halikunichanganya. Nikauza cherehani cha ovaloki, kile kilichokuwa kinatuingizia pesa ya sare, nikaenda kulipa. Tuliporudi nilikaa pale kibarazani mbele yako na mbele ya majirani, nikamwambia, safari nyingine uozee hukohuko, mimi sina cherehani kingine cha kuuza. Akainama akasema, "Sawa, mama." Mimi nikaichukua ile sawa kwamba ni ya kukubali.

Hakukaa. Kazi hakuna, shamba la baba yenu tulishalikodisha, na bondeni ndiko alikokuwa na watu wake. Asubuhi aliyoondoka nilimwona anafungasha kipande cha wavu kilichobaki, amekiviringisha ndani ya shuka. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta sindano mpaka akatoka. Angalia basi mama yako alivyo. Kukaripia najua, hata mtaa wa pili wananisikia, lakini kumshika mtu mkono nikamwambia weka hicho chini, sikuweza.

Siku ya simu ulikuwepo. Ulikuwa unapiga pasi sare, na yule mama muuza vitumbua amekaa kwenye benchi anasubiri nimtilie zipu. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ikawa inakatikakatika, kama kawaida ya simu za bondeni. Nikasikia, mama. Kisha nikasikia, faini, mama, faini. Kisha mvumo tu. Nikajibu kwa sauti ya kuwafurahisha watu, "Faini, thenkyu, endi yu?" Nikacheka. Mama wa vitumbua akacheka. Wewe ukacheka na pasi mkononi. Simu ikakatika, nikapiga ile namba, haipatikani. Nikakwambia kaka yako anasalimia, nikaendelea na zipu.

Mvua zikaanza. Bonde likajaa maji, na wavuvi wakizungukwa na maji unajua mwenyewe hakuna anayewatafuta, mtandao hakuna, njia hakuna, watu wanasema wapo huko, watatoka maji yakipungua. Mimi nikasema hivyohivyo. Ulipokuwa unauliza, mama, Deo hajapiga? nilikujibu yupo kambini, simu yake haina chaji. Nilijibu haraka kila ulipouliza.

Maji yakapungua. Kasiani, yule aliyekuwa akivua pamoja na Deo, akaja kuweka kiraka suruali. Akakaa, akanipa shikamoo, akasema pole na matatizo ya Deo. Nikamwuliza matatizo gani. Akaniangalia kwa muda, akadhani namtania, kisha akaniangalia kwa namna nyingine. Ndipo akaeleza. Walikamatwa pamoja, wakaambiwa walipe faini au wafungwe. Yeye shemeji zake walimlipia. Askari mmoja mwenye huruma akampa Deo simu yake ampigie mtu wa kumsaidia, akanipigia mimi. Alipomaliza akamrudishia askari simu, na askari alipomwuliza kama mama anakuja, Deo akajibu, "Mama amecheka." Basi, hakutaka kumpigia mtu mwingine.

Nilikwenda gerezani kesho yake. Wakaniambia ameshamaliza kifungo, ametoka. Hakupita nyumbani. Amepanda gari akapitiliza stendi ya Ifakara, mahali anapoweza kuona bati la nyumba yetu, akaenda zake Kidatu kukata miwa.

Nilivyokwenda Kidatu nilikuambia kwa ufupi, nikasema tumeonana, hajambo, ana kazi. Sasa nakueleza kwa urefu. Nilimkuta kwenye vyumba vyao wanavyopanga wakata miwa, ametoka kazini, masizi ya miwa iliyochomwa yamemjaa mpaka kwenye kope. Amekonda. Akanipa shikamoo vizuri kabisa, akaniombea kigoda kwa jirani, akaenda kuninunulia soda. Nikaanza kueleza. Nilieleza yote, mtandao, mvumo, wateja, salamu yetu ya tangu yuko darasa la tatu, nikasema mwanangu mimi nilidhani unanisalimia. Hakunikatiza. Alikuwa amechuchumaa anachezea kizibo cha soda. Nilipomaliza akasema, "Mama, hakuna mtu mzima Ifakara asiyejua faini ni nini."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo shida yenyewe. Angenitukana ningerudi na kitu cha kushika, maana mtu anayekutukana bado anakudai. Yeye alinisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia siti ya dirishani, akamlipa kondakta nauli yangu, akasimama mpaka gari likaondoka. Kama unavyomfanyia mgeni aliyepotea njia. Tangu hapo ananipigia sikukuu, shikamoo mama, marahaba, mko wazima, tuko wazima. Miaka inakwenda sasa. Ile salamu yetu hajaitaja tena, na mimi sijathubutu kuianza.

Wiki hii umepata kazi yako, tumefungasha, na katikati ya kukunja nguo ukasema utashuka Kidatu. Ukasema utamtafuta mpaka umpate, utashika rozari mbele yake umwapie kwamba ulikuwepo, ulikuwa hatua chache kutoka kwangu, na mama hakuelewa. Ulisema, "Mimi ni shahidi, mama. Mimi atanisikia." Ni kweli, atakusikia. Alikubeba, alikuogesha, alikaa na njaa ili ule, na hujamdanganya hata siku moja. Ukiapa wewe, atakuja nyumbani. Nilimwona tayari akiinama kupita pale mlangoni. Nikakujibu haya, nikatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Usiape, Skola. Ndicho ninachokuomba, na karatasi zote hizi ni kwa ajili ya hicho.

Sikatai kwamba uliona na kusikia. Ulisikia nilichojibu. Nilichoelewa hukukisikia, kilikuwa kichwani mwangu, na humo kichwani nimepekua mpaka nimechoka. Nakupa niliyoyakuta humo.

Zamu ziligeuka. Deo siku zote anauliza hau a yu, mimi ndiye mwenye faini. Siku ile hakuuliza kitu. Yeye ndiye aliyesema faini, neno langu, tena akalirudia. Mtu anayesalimia hairudii salamu namna ile. Na lile neno mama aliliita kama siku aliyokanyaga msumari, ndani ndani, bila kupaza. Masikio yangu yaliyapata hayo yote. Nakumbuka mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani kabla sijafungua mdomo. Ukimwuliza yule mama wa vitumbua hawezi kukumbuka kitu kama hicho, wala wewe. Ni mimi tu ninayejua kwamba mguu ulisimama.

Halafu kuna kitambaa. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, nilichukua pesa yote ya kwenye kopo nikaenda dukani nikanunua jora zima la kitambaa cha sare. Shule zilikuwa hazijafungua, hakuna mzazi aliyekuwa ameleta oda. Uliniuliza, mama haraka ya nini? Nikasema bei itapanda. Bei ilikuwa haijasemwa na mtu. Nimejiuliza mara nyingi mno kwa nini nilikimbilia dukani, na jibu linalonijia ni kwamba pesa ikishakuwa kitambaa hakuna anayeweza kukuomba ukamlipie.

Na kutomtafuta. Mwanangu amekaa kimya mvua nzima na mimi nashona. Mwanamke ninayemfokea kondakta akichelewa, ninayemfuata mteja mpaka kwake kwa ajili ya vifungo, nimeshindwa kupanda gari mpaka Malinyi kuuliza?

Sasa utaniuliza, kwa hiyo mama ulijua? Hapo ndipo ninapokwama, na ndipo nitakapofia. Kuna siku nasimama na kuapa mwenyewe kwamba sikujua, nilisikia salamu, nikajibu salamu, na hayo ya kitambaa na mguu nimeyaokota baadaye ili nijichape nayo. Kuna siku nyingine, napitisha tu uzi kwenye sindano, wala siwazi lolote, naisikia tena ile sauti na najua kwamba nilijua. Kidogo sana. Kwa muda wa kupepesa jicho. Nikajibu kile kichekesho upesi kabla sijajua zaidi, na watu walipocheka nikasema moyoni, basi, ilikuwa salamu. Kwa sababu nilikuwa nimechoka naye, Skola. Nilikuwa nimechoka na mtoto wangu. Nilishasema aozee huko, na mtu akishasema maneno kama yale yanakaa ndani yanangoja kazi.

Kama ningekuwa na hakika kwamba nilijua, ningekwenda Kidatu nikapiga magoti pale kwenye masizi. Kama ningekuwa na hakika kwamba sikujua, ningekwenda kila mwezi nikamsumbua mpaka aamini. Sina hiki wala kile. Nilimwambia padri, akanisikiliza, akanipa sala za kusali. Nimezisali. Padri anasamehe dhambi, na mimi sijui kama ninayo.

Kwa hiyo lile kamusi lako halikunitibu. Ulinionyesha kwamba neno lina maana nyingi, ukadhani hizo nyingi ndizo zilizonipoteza. Nami naogopa kwamba ndizo zilizonificha. Lingekuwa neno lenye maana moja ningekosa pa kuingia. Angesema mama nimefungwa, mama nisaidie, hata mtandao ungekata vipi nisingeweza kujibu thenkyu. Bahati mbaya akasema lile ambalo mama mbovu na mama mwema wanaweza kulijibu kwa maneno yaleyale na kicheko kilekile, na hata mwenyewe mwenye mdomo asijue ni yupi kati yao aliyejibu.

Unakwenda kufundisha lugha hiyo. Watoto watakusimamia wima, watakuimbia wako faini, na wengine mashuka yao hayajakauka tangu usiku na wengine hawajala. Sikuagizi ufanye lolote. Huwezi kumwuliza mmojammoja darasa zima, utamaliza kipindi. Nakwambia tu kwamba nilikuwa mmoja wao na nilijifunza vizuri sana, mpaka leo hakuna mtu hapa mtaani anayejua hali yangu. Wananiuliza Mama Deo vipi, nasema safi. Wanasema mtoto wako amepata kazi ya ualimu, hongera, nasema asante. Wateja wanaleta nguo. Macho yananisumbua, nauona uzi ukiwa miwili, na kesho ukiondoka nitafunga mlango wa chumba chako kama nilivyofunga cha Deo na nitakaa cha kati.

Ukinipigia kutoka huko, usiniambie uko salama. Niambie tumbo linauma, au mshahara umechelewa, au mkuu wa shule ana kisirani, au umelia. Ukiwa na furaha niambie imetokana na nini. Zungumza na mimi kwa maneno ambayo hata nikitaka siwezi kuyageuza. Usinipe nafasi. Nimeshajiona nikipewa nafasi.

Najua kwamba ukimaliza kusoma hii pengine hutanipigia kabisa. Nimefikiria hilo pia. Nimekaa hapa nimechana barua moja kabla ya hii, ilikuwa nzuri zaidi, ilisema mpe kaka yako salamu na umwambie mama anampenda. Nikaona hiyo ingekupeleka kwa Deo na rozari mkononi na ulimi safi, uape juu ya jambo ambalo mwenye jambo mwenyewe hawezi kuliapia. Angekuamini. Angerudi. Angekaa mezani kwangu, ningempakulia, na kila tonge ningekuwa nalitazama nikijiuliza analila kwa kiapo cha nani. Halafu siku moja angejua, sijui vipi, labda mimi mwenyewe ningemwambia, unanijua mdomo wangu. Siku hiyo angetukosa wote wawili.

Ukitaka kushuka Kidatu, shuka. Ni kaka yako, na basi lingine lipo. Mpe salamu zako, zangu ziache. Mwambie umepata kazi, atafurahi, ada ya kidato cha kwanza alikulipia yeye kwa samaki wa wavu ule. Akikuuliza habari ya ile simu, mweleze uliyoyaona kwa macho yako: mama alijibu, watu wakacheka, na wewe ukacheka. Usiliruke hilo la wewe kucheka. Akikuuliza kama mama alielewa, mwambie mama mwenyewe hajui.

Najua jibu hilo litanimaliza. Atalisikia kama nilivyolisikia mimi nilipoliandika, na sitegemei kumwona tena akiinama kupita hapa mlangoni. Lakini nyumba hii nzima imembakizia mtu mmoja wa kumwamini, Skola, na ni wewe. Usimpotezee mtu huyo kwa ajili yangu.

Ni mimi mama yenu.